Kuvu Katika Mahindi ya Uji

Leo tuzungumze juu ya mahindi yaliyooza.

Mvua ikikataa kuisha wakati wa kuvuna, kila boma hubaki na rundo la mahindi yenye kuvu, nyeupe, ya waridi au ya kijani. Kliniki huwa naulizwa, "Sista, hakuna dawa ya kuua hiyo kuvu ili tusage tu?"

Kuvu huuawa, na baadhi ya wauaji wake wako udongoni. Kuvu imejivika ngozi ngumu yenye kitu kinachoitwa kitini, kile kile kilicho katika ganda la panzi na la kumbikumbi tunaowakaanga. Udongoni mna bakteria wanaokula kitini. Hutoa vimeng'enya, mfano wa vile vinavyosaga chakula tumboni mwetu, vikaikatakata ngozi ile mpaka kuvu inapasuka na kufa. Ile harufu nzuri ya shamba mvua ya kwanza inaponyesha hutoka kwa jamii moja ya bakteria hao. Wataalamu wamejifunza kuwatumia bakteria wa namna hii kulinda mbegu na mizizi.

Lakini mama, hapo sikiliza vizuri. Bakteria hao hupigana na kuvu iliyo hai, shambani. Sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje haina kitini, kwa hivyo vimeng'enya hivyo haviigusi. Moto wa jikoni nao hauimalizi. Uji uchemke utakavyo, sumu imo.

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikula mahindi, mengi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa na unyevu. Sumu ile, aflatoksini, huharibu ini. Na tusiseme hayo ni mambo ya Ukambani. Huku kwetu kwenye baridi tunaiona sana ile kuvu ya waridi, nayo ina sumu yake, fumonisini.

Kwa hivyo anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kutia guniani, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi mpaka thuluthi, funga, tikisa sana, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani.

Halafu chambua kwa mkono, punje kwa punje. Najua inachosha, na najua gunia ni karo ya shule. Lakini zile mbovu usizisage "za mtoto tu, kidogo". Mtoto ni mdogo, na uji ndio chakula chake asubuhi na jioni. Usimpe kuku, usimpe ng'ombe, maana aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa. Wala usimuuzie mpika busaa. Zizike.

Mtoto akitapika, macho yakawa manjano, tumbo au miguu ikavimba, mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo. Funga na mahindi kidogo kwenye karatasi, uje nayo tuyaone.