Tuta, Kivuko na Shamba la Ng'ambo



Nilikulia jirani na stesheni ya Kimamba, wilayani Kilosa. Bibi yangu hakuwa na saa. Alikuwa na treni. Honi ikisikika ng'ambo ya mashamba ya mkonge, alijitwisha sinia la ndizi mbivu akateremka kuisubiri. Ilisimama dakika chache tu, lakini mikono ilitoka madirishani, na jioni ile chumvi na mafuta ya taa viliingia nyumbani. Wajerumani walioanza kuijenga reli ile kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hawakumjengea yeye. Alichokipata, alikipata kwa sababu treni ilikuwa ya mwendo wa pole na ilisimama.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na tangu Julai mwaka huohuo inafika Dodoma. Hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Mimi naipanda, na naifurahia. Mgonjwa anayewahi kliniki Muhimbili hahitaji mhadhara ili aijue faida yake. Leo nawasemea wale inaowapita.

Barabara watu huivuka popote. Reli ya kasi haivukwi hivyo, kwani treni iendayo mbio namna ile haiwezi kusimama ghafla. Kwa hiyo njia huzungushiwa uzio, na watu na mifugo hupita chini ya tuta au juu ya daraja, mahali palipopangwa tu. Kwenye ramani, kivuko kilicho kilomita mbili kutoka nyumbani kiko karibu. Sasa mfuate mama ambaye shamba lake limebaki ng'ambo: kilomita mbili hadi kivukoni, mbili nyingine kurudi upande wa pili mpaka kwenye shamba alilokuwa akiliona tangu asubuhi. Jioni anazirudia zote nne, mahindi kichwani. Na mfugaji wa Mkata atawaambia kwamba ng'ombe hugoma kuingia kwenye tundu lenye giza na maji yaliyotuama, hata kama mchoro umeliita kivuko cha mifugo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mthamini huhesabu mwembe, nyumba na ardhi, kisha huongeza posho ya usumbufu. Mama huyu lakini hakunyang'anywa kitu. Shamba lake lipo, nyumba yake ipo. Kilichokatwa ni njia iliyoviunganisha, na njia haina mwenye hati. Naliona hili kuwa pengo kubwa kuliko yote katika namna tunavyohesabu gharama za reli, na linaniuma.

Kisha kuna maji. Wanakilosa hawahitaji kufundishwa na mtu: reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na mafuriko mara nyingi, ndiyo maana mahandaki ya reli mpya yakapasua milima. Lakini bondeni tuta ni ukuta. Maji yaliyokuwa yakitambaa kwa upana sasa yanasukumana kuingia kwenye karavati. Likiwa dogo, yanalala kwenye mpunga wa mtu. Yakitoka upande wa pili, yanatoka na nguvu ya kuchimba korongo.

Vituo nitavigusa kwa kifupi. Baada ya Morogoro kuna Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Kimamba haimo, na madirisha ya treni mpya hayafunguki. Kilosa yenyewe haitafaidi kituo chake bila barabara za kupitisha fuso na bodaboda masika, wala bila soko la kushushia mizigo ya mkulima.

Reli inaendelea kujengwa kuelekea Mwanza na Kigoma, na bado kuna mahali ambapo kivuko kinaweza kusogezwa kabla zege halijamwagwa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, Machi tunaondoka kwenda huko, mvua ikiwa imekolea. Njooni na buti, kamba ya kupimia na daftari. Tutatembea nyuma ya akina mama waendao shambani, na kila watakapokatisha, tutachomeka kigingi.