Upungufu Ghalani na Haraka ya Kumtaja Mwizi

Ndugu wananchi, wenye maghala, makarani na wachukuzi wa Busia, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya:

Wizi kazini upo, nasi hatukuja kuufanya mdogo. Tumekuja kuzipima nanyi hoja zinazotumika kumtafuta mwizi, kwa kuwa hoja mbovu humficha mwenye kosa na kumtesa asiye nalo.

Hoja ya kwanza husema: “Mahindi yamepungua, basi yameibwa.” Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 tu za mahindi makavu, zilizosalia ni maji. Likikauka hadi asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, litabaki na takriban kilo 95. Kwa magunia 200, zaidi ya tani 1 imekwenda na jua, wala hakuna aliyeiba. Lakini gunia hilohilo likipimwa na kukutwa na kilo 90, basi kilo 5 hazina maelezo, na hapo uchunguzi una pa kuanzia.

Hoja ya pili husema: “Tulimfukuza yule wa ng’ambo ya mpaka, upotevu ukakoma, mwizi alikuwa yeye.” Jambo kufuata jingine hakuthibitishi kuwa limesababishwa nalo. Huenda mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka, au kufuli lilibadilishwa, au mwizi wa kweli ametulia kwa kuwa mwingine amebebeshwa kosa lake. Mwenye kushuku na aulize kwanza: Ufunguo anao nani? Daftari huandikwa na nani? Nani huwapo mizani inaposomwa? Uraia wa mtu haujibu hata swali moja kati ya haya. Tunasikia pia ikisemwa, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Methali hiyo yatufunza kutazama karibu, haitutajii jina.

Hoja ya tatu husema: “Mmoja akipigwa, wengine wataogopa.” Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Italia aliandika kwamba uhakika wa adhabu huzuia uhalifu kuliko ukali wake. Kipigo cha kubahatisha humwonyesha mwizi kwamba mwingine aweza kuadhibiwa badala yake. Tena kumpiga mtu ni kosa la jinai, na ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe au akiri mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba: pimeni uzito na unyevu siku ya kupokea na siku ya kutoa mzigo. Mwenye ufunguo asiwe mwenye daftari. Mwenye mali na mchukuzi watie sahihi pamoja, kila mmoja akiona mizani. Hesabu isipolingana, msimguse mtu. Leteni daftari kituoni, tulisome pamoja.