Koti la Mzee

   Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya koti moja la Mzee wetu, na baridi iliyotukuta baharini mahali ambapo hatukuitazamia.

Miaka michache iliyopita tulialikwa na Wakristo wa kaskazini kabisa ya nchi ya Norwei tuwatembelee mwezi wa Juni. Tulikuwa watatu: Mzee mmoja wa kanisa letu, mwalimu mstaafu aliyekwisha kupita miaka 70, na sisi wawili tuliotumwa tufuatane naye na kumtunza. Tungekwenda kwa ndege mpaka mji wa Bergen, kisha tupande meli ya abiria ifuatayo pwani kuelekea kaskazini. Meli hiyo hufika Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, siku ya saba. Safari za meli katika pwani ile zilianza mwaka 1893, na bandari zake ni 34. Watu wengi kutoka nchi nyingi huja kusafiri humo kwa mapumziko tu, ili waone milima iliyosimama ndani ya bahari na jua lisilotua usiku.

Wenyeji wetu walituandikia barua mapema. Walitusihi tulete nguo za sufu, kofia za kufunika masikio, glavu, na makoti yasiyopitisha upepo wala maji. Wapendwa, tuliisoma barua ile tukacheka. Sisi wawili tumezaliwa Limuru. Twaijua Julai ya kwetu, ukungu unapolala juu ya majani chai mpaka saa nne asubuhi, na watoto wanakwenda shule huku pumzi zao zinatoka kama moshi. Tukasema, “Nani atatufundisha baridi?” Tena tulijua kwamba Juni kwao ni kiangazi. Tukadhani wenyeji wetu ni watu waoga.

Mzee hakubishana nasi. Alikwenda Gikomba peke yake, akachagua koti moja zito la sufu, rangi ya kijivu, lililokuja katika mitumba kutoka Ulaya. Akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake.

Siku ya kuondoka tulifika uwanja wa ndege, na masanduku yakapandishwa kwenye mizani. Kila mtu aliruhusiwa kilo 23. Sisi tulikuwa tumejaza zawadi: majani chai, kahawa, viondo, na sanamu za mawe ya Kisii, ambazo mwajua uzito wake. Zawadi nyingine tulikuwa tumezitia katika sanduku la Mzee, na sanduku lile likazidi kilo tatu. Mzee alikuwa ameketi mbali kidogo, anapumzika. Tukalifungua sanduku lake, tukalitoa koti, tukampa kijana aliyetuleta kwa gari arudi nalo. Hatukumwambia Mzee. Tulijiambia kwamba tutamweleza tukifika. Tulipofika tukanyamaza, na kila siku iliyopita ilifanya jambo lile kuwa gumu zaidi kulisema.

Bergen ni mji unaojulikana kwa mvua, lakini sisi tuliukuta una jua. Siku tatu za kwanza tulitembea juu ya sitaha ya meli kwa mashati, tukaambiana, “Mmeona?” Siku ya nne asubuhi tulivuka mstari wa Aktiki. Mahali hapo pana kisiwa kidogo chenye mfano wa dunia uliotengenezwa kwa chuma. Abiria wanaotaka humwagiwa maji ya barafu shingoni kwa mzaha, ili wakumbuke kwamba wamevuka. Tulicheka sana kuwaona wakipiga kelele. Lakini jioni ile hewa ilikuwa imebadilika, nasi tukaanza kuingia ndani mapema.

Siku ya tano tulifika Tromsø, mji mzuri wenye maduka mengi, na meli ikakaa saa kadhaa. Tuliingia katika duka la nguo. Tukatazama bei ya koti moja, tukaigeuza kutoka krona kuwa shilingi, tukatoka haraka. Mzee alibaki nyuma kidogo. Tulimwona ameshika mkono wa koti lililotundikwa, akaupapasa, kisha akauacha akatufuata. Hata hapo hatukusema neno.

Usiku ule meli ilitoka katikati ya visiwa vilivyokuwa vikitukinga, ikaingia bahari wazi iitwayo Lopphavet. Ilikuwa saa sita ya usiku, na jua lilikuwa likiwaka juu ya maji, jekundu kama mchungwa. Abiria wote walipanda sitahani kulitazama. Mzee naye akapanda, amevaa shati la pamba na koti jepesi la suti.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo wageni wa kaskazini wanapodanganyika. Mtu akiona jua hudhani kuna joto. Lakini jua la saa sita ya usiku hulala chini kabisa mwishoni mwa bahari, na mwanga wake hautii joto mwilini. Kipimajoto kilionyesha digrii 5. Kwa mtu aliye ndani ya nyumba digrii 5 ni baridi ya kawaida tu. Lakini upepo wa kilomita 40 kwa saa ukivuma, digrii 5 huusumbua mwili kama digrii moja chini ya sifuri. Na hata siku isiyo na upepo, meli inayokwenda kilomita 28 kwa saa hujitengenezea upepo wake yenyewe. Ongezeni hapo manyunyu ya maji ya bahari. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji na kuunyang'anya mwili joto lake, lakini sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Tena mwili wa mzee hautengenezi joto upesi kama wa kijana, na pengine yeye mwenyewe hatambui kwamba anapoa.

Mwanzoni Mzee alitetemeka. Tukamwuliza kama yu mzima, akajibu kwamba hajambo. Baada ya muda akaacha kutetemeka, tukafurahi tukidhani amezoea. Tulikosea. Maneno yake yakaanza kuwa mazito kama ya mtu mwenye usingizi. Tulipomwambia ashuke alishindwa kukishika chuma cha ngazi. Mwili wa mtu mzima huwa na digrii 37 hivi. Ukipoa chini ya 35 uhai umo hatarini, na mtu akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hiyo ni dalili mbaya.

Baharia mmoja alituona akaja mbio. Wakamwingiza ndani, wakamvua nguo zenye maji taratibu, wakamfunika kifua na tumbo kwanza kwa mablanketi makavu. Tulitaka kumsugua mikono na miguu, wakatukataza, kwa maana kusugua kunaweza kumdhuru mtu aliyepoa. Alipopata kumeza vizuri wakampa chai vuguvugu yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Na mama mmoja mwenye mvi, abiria kama sisi, alikwenda chumbani kwake akarudi na sweta nene la sufu, kofia, na soksi. Tulipomshukuru alituambia kwamba hakuvua vya mwilini mwake. Kila anaposafiri hubeba viwili viwili, kwa sababu daima yupo mtu ambaye hakuleta.

Karibu na alfajiri Mzee alirudi katika hali yake. Tuliketi kando ya kitanda chake. Akatutazama, akasema kwa sauti ndogo, “Wanangu, nisameheni. Nililisahau koti langu nyumbani, nikaona haya kuwaambia. Nilijua mtasema uzee umeniingia.”

Wapendwa, maneno hayo yalituchoma kuliko upepo wa usiku kucha. Mzee alikuwa amelitafuta koti lake tangu Bergen, akajihesabia kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa tayari kufa baridi kuliko kukiri kwamba amesahau, na sisi tulikuwa tayari kumwacha ahangaike kuliko kukiri kwamba tumelitoa. Tukamwambia yote: mizani, sanamu za mawe, yule kijana wa gari. Tukamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Na zile sanamu, zimefika salama?” Tukasema ndiyo. Akasema, “Basi tuwapelekee wenyeji, lakini msiwaambie bei yake.” Ndipo tukajua kwamba ametusamehe.

Tangu safari ile tumekuwa tukisoma kwa macho mengine habari za mtume Paulo. Alipokuwa kifungoni, mwishoni mwa waraka wake wa pili kwa Timotheo, aliomba aletewe vazi lake zito alilokuwa ameliacha Troa kwa mtu aitwaye Karpo, akamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mtu yule aliyeandika mambo makuu ya imani hakuona aibu kusema, “Nahitaji vazi langu.” Huko nyuma, merikebu yao ilipovunjika, wenyeji wa kisiwa cha Melita waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Naye Yohana Mbatizaji, makutano walipomwuliza wafanye nini, alianza na habari ya mwenye kanzu mbili na yule asiye nayo. Mungu wetu haidharau baridi ya mwili, nasi tusiidharau.

Basi, ikiwa kuna mmoja wenu atakayesafiri katika bahari za kaskazini, iwe kwa kazi ya melini kama vijana wetu wengi, au kwa kutembelea watoto walioko ng'ambo, twamwomba ashike haya. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, kuliko moja nene. Iliyo karibu na ngozi iwe ya sufu, juu yake sweta, na ya mwisho izuie upepo na maji. Beba kofia, glavu, na soksi za kubadilisha. Viatu viwe na nafasi, maana kiatu kinachobana hukipoza kidole. Koti na kofia viweke katika mkoba wa mkononi, visipotee pamoja na sanduku. Tena usiingoje bandari ya mbele ukanunue. Huenda duka limefungwa, au bei itakushinda kama ilivyotushinda sisi.

Lakini neno tulilotaka hasa kuwaambia ni hili. Mzigo unapozidi, hebu tuangalie tunachokitoa kwanza ni cha nani. Mara nyingi hutoa cha yule aliyeketi kando, asiyesema. Mama aliyeko shamba, ambaye blanketi lake lilikuwa linunuliwe mwezi huu, kisha likasogezwa mwezi ujao kwa ajili ya michango ya harusi. Mtoto anayepelekwa shule ya bweni huko Kinangop kwa sweta moja, kwa sababu fedha ziliisha katika sherehe ya kumuaga. Babu asiyelalamika, nasi tunasema hajambo kwa kuwa amenyamaza. Mzee wetu alipoacha kutetemeka tulidhani yu mzima. Je, katika nyumba zetu ni nani ambaye ameacha kulalamika, nasi twafurahi tukidhani amezoea?

Twende tukawaulize leo, bila kungoja Julai ifike. Na kama kuna koti tulilolitoa sisi wenyewe kwa siri, tukaungame, hata kama imepita miaka.

Tuliporudi Nairobi tulimkuta yule kijana wa gari amelivaa lile koti la kijivu, maana huku kwetu ndiyo yalikuwa majira ya baridi. Alianza kulivua kwa haya. Mzee akamzuia mkono, akamfunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi, akaingia garini.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, utusamehe sisi tulioupunguza mzigo wetu kwa kutoa cha mwenzetu. Utupe masikio ya kusikia maonyo ya wanaotupenda. Uwakumbuke wote walalao katika baridi usiku wa leo, baharini na nchi kavu, nawe ututume kwao mapema. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.