Kabla Hujabeba Mimba: Tuzungumze Juu ya Kilo

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa familia ofisini kwetu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu ya kazi iliwazuia kufika.

Wamama, wadada, na nyinyi akina baba mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kukimbia, karibuni. Msikimbie, habari hii ni yenu pia.

Leo nataka kusema juu ya kilo. Najua kwetu uzito hausemwi hivi hivi. Ukikutana na mtu mliyeachana kambini miaka mitatu iliyopita, neno la kwanza ni, "Eh, umenenepa! Amerika imekupokea vizuri." Naye anacheka, anashukuru. Aliyekonda tunamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa, au kama mume wake anamtesa. Tumetoka mahali ambapo mwili mkubwa ulikuwa ushahidi kwamba nyumbani kuna chakula. Siwezi kumcheka mtu kwa hilo, maana mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilifika nchi hii nikiwa na miaka 21, nikitokea Nyarugusu, na kilo zangu 51. Kule tulipimiwa unga wa mahindi, maharage na mafuta, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunakunywa uji mwepesi tukingoja siku ya mgao. Hapa kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwanda cha kukata kuku, zamu ya usiku. Nikitoka kazini nakula, nalala, naamka, nakula tena. Soda, ambayo kambini ilikuwa kitu cha harusi, ilikuwa kwenye friji kila siku. Baada ya miaka mitatu nilikuwa na kilo 84. Mama yangu alijivunia mwili huo mbele ya wageni.

Halafu nikabeba mimba. Kliniki nilikwenda tumbo likiwa na miezi minne, kama tulivyozoea. Kwenye wiki ya 26 wakaninywesha kile kinywaji kitamu cha kupima sukari, ambacho wengi wenu mnakijua, na siku chache baadaye wakaniambia nina kisukari cha mimba. Sikukubali. Kwetu kisukari ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Nikaficha ile karatasi, nikaendelea kula "kwa watu wawili" kama mama alivyonihimiza.

Mtoto alizaliwa na kilo 4.7. Bega lake lilikwama wakati wa kutoka, na kwa dakika ile moja niliona chumba kizima kinakimbia. Alipotoka, simu zilipigwa mpaka Kigoma: dume limezaliwa! Haikupita muda mrefu, dume likaanza kutetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka. Siku nne alilala chumba cha watoto wagonjwa, sindano ya maji imechomekwa kwenye mkono wake mdogo, na mimi nimekaa kando nimevaa gauni la hospitali, maziwa yananidondoka. Leo ana miaka tisa na anacheza mpira. Lakini hakuna aliyekuwa amenieleza kwa lugha yangu kilichotokea, kwa hiyo nawaeleza nyinyi.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama, ambayo ndiyo kazi yake kushusha sukari, haipiti hivyo. Kwa hiyo mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe, nyingi, ili aikabili sukari hiyo, na insulini hiyo humkuza na kumjaza mafuta. Siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa. Sukari ya mama inakoma ghafla, lakini ile insulini bado imo mwilini mwake, na sukari yake huporomoka. Mtoto mkubwa sana, basi, si lazima awe mtoto mwenye afya.

Kisukari ni jambo moja tu. Mama anayeanza mimba akiwa na uzito mkubwa sana ana hatari zaidi ya presha ya mimba, ile inayoweza kufika kifafa cha mimba, ya kujifungua kwa upasuaji, na ya mtoto kufia tumboni. Nasema hatari zaidi, sisemi lazima. Wapo wamama wanene wengi hapa waliojifungua salama, na wapo wembamba waliopata shida.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niombe nafasi hii leo. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji mdogo unaojifunga. Hujifunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wamama wengi wanafikiri siku zao zimechelewa tu. Mfereji huo usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mama mwenye uzito uliozidi sana au mwenye kisukari asichokijua. Ukija kliniki na tumbo la miezi minne, kazi hiyo imekwisha zamani. Mwili utakaomlea mtoto wiki hizo za kwanza ni ule ulio nao leo, kabla hujajua lolote.

Na msidhani nawasema wenye kilo nyingi peke yao. Wapo dada zetu waliotua mwezi uliopita, mifupa ya shingo inaonekana, damu imepungua. Mama aliyekonda sana akibeba mimba, mtoto yuko katika hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo, chini ya kilo 2.5. Huko Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Wataalamu wamewafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati huo. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa mwanzoni mwa mimba walipokuwa watu wazima walionekana kupata zaidi magonjwa ya moyo. Nilipoyasoma hayo chuoni nilifunga kitabu, nikafikiria kambi nzima.

Utajuaje uko wapi? Daktari huchukua kilo zako na kuzigawanya kwa urefu wako katika mita, mara mbili. Chukua dada mwenye urefu wa mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Akiwa chini ya kilo 47, ambazo ni paundi 104, amekonda mno. Kati ya hapo na kilo 64, paundi 141, yuko sawa. Akifika kilo 77, paundi 170, yuko kwenye uzito ambao madaktari wanaanza kuuhofia kwa mimba. Aliye katikati ya hizo mbili za mwisho ana nafasi nzuri ya kurekebisha mapema.

Kama tayari una mimba, usijinyime chakula ili upungue. Muulize daktari uongeze kiasi gani, maana kiasi hicho kinategemea ulikoanzia. Mwembamba sana huambiwa aongeze paundi 28 hadi 40, na mwenye uzito uliozidi sana 11 hadi 20. Lakini kama hujabeba, huu ndio wakati. Huhitaji kurudi kwenye kilo za kambini. Kupunguza hata sehemu tano kwa mia, ambayo kwa mtu wa kilo 84 ni kilo nne hivi, tayari kunaleta tofauti kwenye sukari na presha.

Mimi nilianza na soda. Kopo moja la aunsi 12 lina karibu gramu 39 za sukari, kama vijiko kumi vya chai, na nilikuwa nakunywa matatu. Sikuacha ugali wala sombe, nani angeniacha niache sombe? Nilipunguza donge la ugali, nikaacha kumimina mafuta ya mawese bila kupima, nikawa natembea dakika thelathini kuzunguka majengo yetu kabla ya zamu. Majirani walidhani nimepoteza kitu. Mimba ya pili nilianza na kilo 74. Kisukari kilirudi, siwadanganyi, lakini kilikuwa kidogo, nikakidhibiti kwa chakula tu. Mtoto alikuwa na kilo 3.4 na usiku wa kwanza alilala kifuani kwangu.

Aliyekonda naye ana kazi yake: apimwe damu, ale mayai, maharage na ndagala kila siku, apumzike kidogo mwili ujijenge. Na sote, wanene kwa wembamba, tumeze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Inauzwa dukani bila karatasi ya daktari. Wengine wanahitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa hiyo uliza. Pia kama unatumia dawa ya presha, ya kisukari, au zile sindano za kupunguza uzito, mwambie daktari kabla hujaacha kuzuia mimba, maana baadhi ya dawa hizo hazifai mtoto. Na mtoto akizaliwa, upe mwili angalau mwaka na nusu kabla ya kubeba mwingine. Kilo za mimba ya kwanza zikikutana na za pili, mwili hauna lini ya kurudi.

Najua pia kuna aibu. Mama mmoja alitoka kliniki akilia na hakurudi tena mpaka uchungu ulipomshika, kwa sababu mkalimani wa kwenye simu alimtafsiria daktari kama mtu anayetukana. Ukisikia hivyo, omba mkalimani mwingine. Kliniki inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo, na asiwe mtoto wako wa darasa la sita. Mtoto hapaswi kumtafsiria mama yake habari za mimba. Asiye na bima aje kwangu, zipo kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato.

Akina baba pale mlangoni: mke wako akipunguza kilo nne, usimwambie amechakaa. Usinunue katoni ya soda ukaiweka mbele yake. Na mama mkwe akianza maneno, wewe ndiye wa kumjibu mama yako, si mke wako.

Ukipiga simu kuomba miadi, sema hivi: "Nataka kupata mimba mwaka huu. Naomba kupimwa kwanza." Wanaelewa maana yake. Jumanne nitakuwa na mizani kwenye chumba cha mwisho. Mlango unafungwa, mnaingia mmoja mmoja, na namba yako naiandika kwenye karatasi unayoondoka nayo mwenyewe.