Mali Bila Daftari: Vikwazo vya Wataalamu wa Maabara Wanaotafuta Kazi Nchi za Nje

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa maabara za hospitali na vituo vya afya, wakuu wa vitengo na maofisa utumishi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wote na wananchi.)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Wakuu wa Vitengo,
Ndugu Watumishi wenzangu,



Nashukuru kupewa nafasi hii ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa minong'ono, katika veranda za hospitali na baada ya saa za kazi. Si siri kwamba wapo miongoni mwetu wanaotafuta kazi nchi za nje. Wako wanaoelekea Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa, na wako wanaotazama Uingereza, Kanada na Marekani. Si siri pia kwamba baadhi ya waliokwenda hawafanyi kazi waliyosomea. Mtu aliyekaa miaka mingi mbele ya darubini hujikuta anapanga bidhaa ghalani au anahudumia wazee majumbani. Kazi hizo ni za halali na za heshima, lakini si hasara ndogo kwamba mikono iliyofunzwa kupima damu isiipime tena, huku wala kule.

Wengi hudhani kwamba kikwazo ni viza na nauli. Hivyo ni vikwazo, lakini si vikubwa kuliko vyote. Hoja yangu leo ni moja: mamlaka za nchi za nje hazimpimi mtu kwa anavyojua kufanya, bali kwa anavyoweza kuthibitisha kwamba anajua, na uthibitisho huo hutayarishwa hapa nyumbani, miaka kabla ya safari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Kwanza, tusizione sheria za wenzetu kuwa zimetungwa ili kutuzuia sisi. Daktari hutibu kwa kutegemea jibu lililotoka katika chumba asichokiona, likaandikwa na mtu asiyemjua. Kundi la damu likiandikwa kimakosa, mgonjwa huweza kufa kwa chupa moja. Ndiyo maana nchi nyingi huuliza, kabla ya kumruhusu mtu kuishika sampuli: amefunzwa wapi, kwa saa ngapi, na ni nani anayemshuhudia?

Nitaeleza kwa ufupi jinsi nchi nne zinavyouliza swali hilo.

Uingereza, jina la kazi ya mtaalamu wa maabara ya hospitali mwenye shahada linalindwa na sheria, na asiyesajiliwa na baraza lijulikanalo kwa herufi HCPC haruhusiwi kulitumia. Kiwango kinachotakiwa ni kilicho sawa na shahada ya heshima ya kule. Kwa hiyo mwenye stashahada ya miaka 3 peke yake, hata akiwa hodari kiasi gani, huanza akiwa na upungufu. Wakaguzi wa baraza hilo hutazama maandishi zaidi: yaliyomo katika kila somo, mafunzo ya vitendo, na kazi zilizofanywa baada ya chuo. Lugha nayo hupimwa. Katika mtihani wa IELTS wanataka wastani wa alama 7.0, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 6.5.

Kanada, mafunzo ya mwombaji hulinganishwa kwanza na ya kwao kabla ya kumruhusu kuufanya mtihani wao. Mtaalamu wa jumla hutakiwa awe amefunzwa fani 5: kemia ya tiba, elimu ya damu, elimu ya vijidudu, uongezaji damu, na utayarishaji wa tishu. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu huenda ni bingwa wa kutambua vijidudu, lakini katika karatasi zake utayarishaji wa tishu umetajwa kwa mstari mmoja tu. Huambiwa arudi darasani. Na akishafaulu mtihani, katika majimbo mengi bado atahitaji kusajiliwa na chombo cha jimbo.

Marekani, sheria ya maabara ya mwaka 1988, ijulikanayo kama CLIA, imevigawa vipimo kwa kadiri ya ugumu wake na kueleza ni nani anayeruhusiwa kufanya vipi. Aliyesoma nje lazima elimu yake ilinganishwe kwanza na ya kwao, na shahada yetu ya miaka 3 yaweza kuhesabiwa kuwa pungufu ya shahada yao ya miaka 4. Waajiri wengi hutaka pia cheti cha mtihani wa kitaaluma, kama ule wa ASCP. Baadhi ya majimbo, yakiwemo California na New York, yana leseni zao wenyewe. Juu ya hayo, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inawataka wataalamu wa maabara waliosoma nje wawe na hati maalumu ya uhakiki kabla ya kupewa viza ya kazi. Na wale wanaouliza kwa nini muuguzi waliyefanya naye kazi wodi moja alifanikiwa mapema, jibu ni hili: utaratibu wa Marekani umewaweka wauguzi katika orodha ya kazi ambazo mwajiri halazimiki kwanza kuthibitisha kwamba amewakosa Wamarekani wa kuzifanya. Wataalamu wa maabara hawamo katika orodha hiyo.

Oman na nchi jirani zake za Ghuba, mbali na mtihani, kila cheti huhakikiwa kilikotoka. Kampuni ya uhakiki, mara nyingi DataFlow, huandika kwa chuo, kwa baraza la usajili na kwa mwajiri wa zamani, ikiuliza: je, hati hii ni yenu? Jibu lisipopatikana, hati huandikwa kuwa haikuthibitika. Mwombaji hakukosa lolote. Barua tu ililala juu ya meza ya ofisi.

Ndugu Mwenyekiti,

Katika nchi zote hizo hakuna hata moja iliyosema kwamba watu wetu hawajui kazi. Kinyume chake, yapo mambo ambayo mtumishi wetu huwashinda wenzake wa Ulaya. Aliyesoma slaidi za malaria kwa miaka, au aliyefanya kazi ya uchunguzi wa kichocho na minyoo kama inayofanywa na maabara ya Wawi, Pemba, tangu mwaka 2000, ameona kwa macho yake mambo ambayo wengi wa kule huyaona vitabuni. Lakini macho hayawekwi ndani ya bahasha. Kinachowekwa ni karatasi, na karatasi zetu zina kasoro nne ambazo twaweza kuziondoa.

Ya kwanza ni mitaala. Cheti husema kwamba mtu amefaulu. Hakisemi alifundishwa nini. Mamlaka za nje hutaka maelezo ya kila somo kama yalivyokuwa katika mwaka aliosoma mhusika, si kama yalivyo leo. Mwanafunzi anayemaliza chuo aondoke na nakala ya mtaala wake yenye muhuri.

Ya pili ni majina ya vyuo. Chuo cha Muhimbili kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo cha Mbweni nacho kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mkaguzi aliye London au Toronto hayajui hayo. Huona cheti chenye jina la chuo asichokipata katika orodha, akashuku. Barua fupi ya msajili wa chuo, ikieleza historia hiyo, huondoa shaka yote.

Ya tatu ni majina yetu wenyewe. Sisi huitwa kwa jina letu, la baba na la babu; wenzetu wana jina la ukoo. Mtu mmoja ni Saidi katika cheti cha kuzaliwa, Said katika cheti cha shule na Seif katika daftari la mshahara. Muhammad huandikwa kwa namna tatu au nne. Hapa nyumbani hakuna anayejali, kwa kuwa sote twajuana. Kule, herufi moja huweza kumfanya mtu mmoja awe watu wawili. Marekebisho yafanywe mapema, kwa hati ya kiapo na kwa taratibu za sheria, kabla ya kuchukua pasipoti.

Ya nne ni kumbukumbu za kazi. Barua nyingi za waajiri husema tu kwamba fulani alikuwa mtumishi mwaminifu na mwenye bidii. Hiyo ni sifa njema, lakini haimweleze mkaguzi kitu. Anachotaka ni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa wiki, vipimo alivyovifanya, mashine alizozitumia, na nani aliyemsimamia. Wanaangalia pia muda mtu aliokaa bila ya kazi hiyo. Wanataaluma wa Uingereza wenyewe, wakirejea katika rajisi baada ya kukaa nje ya kazi kati ya miaka 2 na 5, hutakiwa kujinoa kwa siku 30. Wakizidi miaka 5, kwa siku 60. Kwa hiyo mtu anayeacha maabara ili "ajipange na safari" ajue kwamba anapunguza thamani ya karatasi zake mwezi hata mwezi.

Nataka pia kusema neno juu ya mawakala. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa kuajiri wafanyakazi wa afya kutoka nchi nyingine. Orodha ya shirika hilo ya mwaka 2023 imetaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi hao, na Tanzania imo. Uingereza huifuata orodha hiyo: haimkatazi mtu kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja, bali inakataza mawakala na waajiri kuja kuwavuta watu kutoka nchi hizo. Aidha, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Basi ndugu zangu, anayekuja kwenu na fomu za hospitali ya Uingereza na kudai malipo ya kutafutiwa nafasi, tayari amekwenda kinyume mara mbili. Msimuuzie kiwanja cha baba.

Ndugu Wakuu wa Vitengo,

Najua wapo wanaouliza: kwa nini Serikali iwarahisishie watumishi kuondoka, na hali visiwa vyetu vinawahitaji? Swali hilo ni la haki na halifai kupuuzwa. Maabara ya kijijini ikiondokewa na mtumishi mmoja, huenda imeondokewa na nusu ya watumishi wake. Lakini kumnyima mtu barua hakumzuii kusafiri. Humzuia kufanya kazi yake akishafika. Hapo nchi hupoteza mara mbili: imempoteza mtumishi, na ujuzi iliougharamia umepotea naye. Mtaalamu anayefanya kazi yake kule hurudi na ujuzi zaidi, au huwaletea wenzake vitabu na maarifa. Aliyekaa miaka 10 nje ya fani hawezi hata kurudi kwenye meza aliyoiacha.

Tena, daftari ninalolisema halina faida kwa msafiri peke yake. Kumbukumbu za uwezo wa kila mtumishi, zinazohakikiwa na kusainiwa na msimamizi, ndizo zinazodaiwa na kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189. Kitengo kitakachowatayarishia watumishi wake karatasi nzuri kitakuwa kimejitayarishia pia ukaguzi wake, na mgonjwa wa Mkoani au Makunduchi atapata jibu la kuaminika zaidi. Asiyesafiri naye amefaidika.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

(a) Kila mtumishi wa maabara aweke jalada lake binafsi tangu siku ya kwanza ya kazi, na aliongeze kila mwaka.

(b) Kila mkuu wa kitengo ahakiki na kusaini, angalau mara moja kwa mwaka, orodha ya vipimo anavyoviweza kila mtumishi wake.

(c) Vyuo vihifadhi mitaala ya zamani na viteue mtu mmoja wa kujibu barua za uhakiki. Ofisi za utumishi nazo zifanye hivyo hivyo.

(d) Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, aliyefanya kazi Zanzibar na Tanzania Bara achukue uthibitisho wa usajili wake kutoka kila upande, wakati angali kazini.

(e) Mtumishi anayekusudia kuondoka aombe ruhusa kwa utaratibu na akabidhi kazi yake. Anayetoroka huacha nyuma yake jalada ambalo hakuna ofisa atakayekubali kulitetea.

Ndugu zangu, sikusimama hapa kumhimiza mtu aondoke, wala kumzuia. Riziki ina milango mingi, na kila mtu huuelekea mlango wake. Nililosimama kulisema ni kwamba mwenye kuondoka aondoke akiwa mtaalamu na afike akiwa mtaalamu, na mwenye kubaki abaki akijua kwamba kazi yake imeandikwa. Maofisa mlioko hapa, barua ya uhakiki ikifika mezani kwenu, msiilaze. Mkumbuke kwamba upande wa pili wa bahari kuna mtu anayesubiri muhuri wenu ili avae tena koti lake jeupe.