Diski Haionyeshi Ufa
(Maneno ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika na wafadhili, Forodhani, Unguja)



Mkiipa bahari mgongo mtaliona jengo la Beit al-Ajaib, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, ikaanguka sehemu kubwa zaidi. Watu 2 walifariki. Jengo lilikuwa limeshatuonya. Kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta hazitoi onyo la namna hiyo. Diski haionyeshi ufa.

Sisi tumeyaona. Miaka ya nyuma tuliingiza madaftari ya ubatizo na ndoa katika disketi, tukaandika katika taarifa kwamba mradi umekamilika. Baadaye akaja mama mmoja mjane, anataka uthibitisho wa ndoa yake kwa ajili ya mirathi. Disketi nyingine hazikusoma kabisa. Nyingine zilifunguka, lakini programu iliyoziandika haikuwapo tena, tukaona alama tupu. Aliyetuokoa ni mwinjilisti aliyekataa kulitupa daftari la zamani. Mchwa walikuwa wamekula pembeni, wino ulisomeka.

Hatusemi turudi kwenye karatasi peke yake. Lakini kumbukeni kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi 3 bila umeme wa gridi, baada ya hitilafu katika njia ya kuupokea kutoka bara. Daftari lilisomwa dirishani. Hata hadithi alizokusanya Edward Steere hapa Unguja, zikapigwa chapa London mwaka 1870, zinasomeka leo bila mtambo wowote.

Basi tunaomba hivi. Nakala zikae mahali patatu, mojawapo bara. Ziwe katika PDF/A, aina ya faili iliyopitishwa kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi. Na kila Januari mtu aliyetajwa kwa jina katika muhtasari wa kamati azifungue, aone kama zinasomeka, azihamishie kwenye vyombo vipya kabla vya zamani havijafa.

Wafadhili wetu, kompyuta mnatupa, na picha ya makabidhiano tunapiga. Huyu wa Januari hapigwi picha, wala hana fungu katika bajeti. Tunaomba fungu lake, la miaka 10.

Mwinjilisti wetu amesema daftari halitoi hata hivyo. Tumemnunulia sanduku la bati.