Mng'ao wa Retina

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina mng'ao wake wa asili. Ni mng'ao hafifu mno, lakini kamera yenye leza ya buluu huunasa. Unatokana na lipofusini, masalia yanayolimbikizana katika seli zinazohudumia vipokezi vya mwanga. Kila siku seli hizo humeza na kusaga ncha zilizochakaa za vipokezi, na kisichosagika hubaki humo. Leza ikiyapiga masalia hayo, hurudisha mwanga wa njano unaoelekea wekundu. Kichujio huizuia buluu na kuupitisha huo tu. Mgonjwa hadungwi sindano ya rangi mshipani. Matabibu wa Hospitali ya Moorfields, London, walichapisha matokeo ya njia hii mwaka 1995.

Picha hutoka nyeusi na nyeupe, na kuisoma kunataka mazoea. Hata kwenye jicho zima, neva na mishipa ya damu huonekana nyeusi, na katikati pana kivuli kwa sababu rangi ya njano ya hapo hunyonya buluu. Kwingineko, panapong'aa kupita kiasi kwa kawaida seli zimeelemewa, na palipo peusi ti zimekufa. Ugonjwa wa kurithi wa Stargardt, ambao mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huonyesha madoadoa yanayong'aa kuzunguka doa jeusi. Retinitisi pigmentosa, inayoanza kwa kutoona vizuri usiku, mara nyingi huchora pete. Pete ikizidi kubana, eneo la kuona nalo linapungua.

Kamera hii haipenyi ukungu. Mtoto wa jicho hunyonya buluu na kuiharibu picha, kwa hiyo kwa wazee wengi tiba yake hutangulia.

Kwa mkazi wa Gongoni, Tabora, faida kubwa ya kamera hii iko kwa watumiaji wa dawa fulani. Haidroksiklorokwini, ya lupasi na baridi yabisi, humezwa kila siku kwa miaka na inaweza kuila retina bila maumivu. Picha ya mng'ao, pamoja na vipimo vingine, husaidia kuyaona madhara hayo mapema. Waliomeza klorokwini, ndugu ya dawa hiyo, kwa ajili ya malaria na kuwashwa mwili mzima, kabla Tanzania haijaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001, wasihofu: dozi ile ilikuwa ya siku 3 tu. Hatari hutokana na wingi wa dozi na urefu wa miaka. Mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa 2016 unataka haidroksiklorokwini isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, macho yapimwe mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5. Kidonge cha kawaida kina miligramu 200. Viwili kwa siku vinamtosha mwenye kilo 80. Kwa mama wa kilo 50 vimezidi.

Anayetumia dawa hii asiiache kwa uamuzi wake. Apime uzito, abebe pakiti ya vidonge, amwone daktari wake, na aulizie kipimo cha retina.